Barua Isiyo na Msomaji wa Tatu

Mwezi Mei 1900 Bi Jane Stanford, mjane wa tajiri wa reli huko California, alimwandikia David Starr Jordan, rais wa chuo kikuu ambacho yeye na marehemu mumewe walikuwa wamekiasisi kwa jina la mtoto wao. Alimweleza kwamba amechoshwa na mwalimu mmoja, Edward Ross, na kwamba mtu huyo hafai kuendelea kuajiriwa. Ilipofika Novemba, Ross alikuwa hana kazi. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi katika historia ya vyuo vikuu vya Marekani, na msimulizi huwa keshagawa nafasi kabla ya kufungua mdomo: mjane mwenye fedha na kiburi, profesa shujaa, rais mnyonge katikati. Nimekaa na watawala wa vyuo muda wa kutosha kujua kwamba mgawo huo ni mwepesi mno. Msimamo wangu ni kwamba Bi Stanford alikuwa na haki ya kuandika, na hata ya kukasirika. Kilichokiponza chuo ni kwamba barua yake ilikuwa na wasomaji wawili tu, aliyeiandika na aliyeandikiwa, na hapakuwa na sheria wala kikao kilichomtaka mtu wa tatu aisome kabla haijageuka amri.

Chuo chenyewe kilizaliwa na msiba. Leland Stanford Mdogo alifariki kwa homa ya matumbo mjini Florence, Machi 1884, akiwa na miaka 15, na wazazi wake hawakuwa na mtoto mwingine. Baba alikuwa gavana wa zamani wa California na rais wa kampuni ya reli ya Central Pacific; mwaka 1885 akawa seneta, na Novemba mwaka huohuo yeye na mkewe wakatia saini hati ya kuanzisha chuo, wakakiwekea mashamba yao makubwa, likiwamo la Palo Alto walikofugia farasi wa mashindano. Milango ilifunguliwa Oktoba 1, 1891. Jordan, mtaalamu wa samaki aliyekuwa akiongoza Chuo Kikuu cha Indiana, alipendekezwa kwao na Andrew White wa Cornell, akaajiriwa akiwa na miaka 40. Cheo chake cha urais ndicho ambacho hapa kwetu tungekiita Makamu Mkuu wa Chuo: mtendaji, mwenye kushika kalamu na mwenye kulaumiwa.

Hati ile ya 1885 yafaa isomwe polepole, maana barua zote zilizofuata zilipata nguvu humo. Iliunda bodi ya wadhamini, lakini ikawaachia waasisi mamlaka yote ya bodi hiyo maadamu wako hai, na mmoja akifa, atakayebaki ayashike peke yake. Wadhamini walioteuliwa wakabaki kuwa majina kwenye karatasi. Halafu ikampa rais wa chuo uwezo wa kumwondoa mwalimu yeyote apendavyo, bila kamati na bila kutaja sababu. Seneta alikuwa mtu wa reli, na kampuni za reli za siku zile ziliendeshwa hivyo: meneja mmoja, amri moja. Ongeza jambo la tatu ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba chuo hakikutoza ada ya masomo hadi mwaka 1920. Lilikuwa tendo la ukarimu, lakini lilimaanisha pia kwamba hakuna mzazi, mwanafunzi wala serikali ya jimbo aliyekuwa na shilingi ndani ya chuo, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sauti. Upande mmoja alikuwapo mtu mmoja mwenye fedha zote na mamlaka yote ya bodi. Upande wa pili alikuwapo mtu mmoja mwenye mamlaka yote juu ya walimu. Kati yao palikuwa na posta.

Juni 1893 Seneta Stanford akafariki, mwaka uleule ambao mabenki ya Marekani yalikuwa yakianguka moja baada ya jingine. Mirathi ikafungwa mahakamani. Mwaka uliofuata serikali ya shirikisho ikadai zaidi ya dola milioni 15 kutoka katika mali ya marehemu, kwa hoja kwamba wenye hisa wa reli wanawajibika kwa mikopo ambayo serikali iliipa kampuni. Washauri wa mjane walimwambia afunge chuo mpaka mambo yatulie. Alikataa. Jaji wa mirathi alimruhusu dola 10,000 kwa mwezi za kuendeshea nyumba kama alivyozoea, na ikakubalika kwamba maprofesa wahesabiwe miongoni mwa watu wa nyumba yake. Akapunguza watumishi wa kweli wa nyumbani, akabana matumizi yake, na fedha za jikoni zikalipa mishahara ya walimu wa fizikia na Kigiriki. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi Machi 1896, lakini mirathi haikufunguka hadi 1898. Katikati ya hapo, mwaka 1897, alibeba vito vyake hadi London wakati wa sherehe za miaka 60 ya Malkia Victoria, akitumaini kupata wanunuzi matajiri. Alirudi na vingi kati ya vito hivyo.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu hapa ndipo barua zilipopata sauti yake. Mtu aliyelisha chuo kwa posho ya nyumba yake hakiandikii chuo kama mjumbe wa bodi. Anakiandikia kama mama. Katika barua za Bi Stanford kwa Jordan, matakwa ya marehemu mumewe, kumbukumbu ya mtoto, Mungu, hesabu za fedha, na malalamiko juu ya mwalimu fulani vinaweza kukaa pamoja bila mpaka kati yao. Nasaha ya dini huingia kwenye maelekezo ya ujenzi, na shukrani huingia kwenye karipio. Msomaji aliye nje ya uhusiano ule angeuliza swali la kawaida la ofisini: katika kurasa hizi, ipi ni hisia, ipi ni maoni, na ipi ni amri? Jordan hakuwa na mtu wa kuliuliza swali hilo kwa niaba yake. Alilazimika kuamua mwenyewe, na aliamua akijua kwamba kila mshahara anaousaini unatoka mkononi mwa aliyeandika. Mkono mtupu haulambwi, na huu haukuwa mtupu.

Sasa turudi kwa Ross. Aliletwa mwaka 1893 kufundisha uchumi. Katika uchaguzi wa 1896, Marekani ilipogawanyika juu ya sarafu ya dhahabu na sarafu ya fedha, aliandika kijitabu cha kuunga mkono sarafu ya fedha, na wafuasi wa mgombea William Jennings Bryan wakakitumia kwenye kampeni. Nyumba ya Stanford ilikuwa nyumba ya chama cha Republican tangu enzi za Abraham Lincoln. Bi Stanford alichukia, akataka walimu wakae mbali na siasa za vyama, na akataka Ross aondoke. Hapo Jordan alikuwa na njia mbili za uungwana: kusema hapana na kueleza kwa nini, au kusema ndiyo na kubeba jina la uamuzi huo. Alichukua ya tatu. Akambadilishia Ross cheo kutoka uchumi kwenda sosholojia, akatumaini mambo yatapoa. Mjane akaachwa akiamini kwamba neno lake limefika na linatekelezwa taratibu. Ross akaachwa akiamini kwamba rais anamlinda. Wote wawili walikuwa nusu sahihi, na nusu hiyo ndiyo iliyolipuka miaka minne baadaye.

Mei 1900 Ross alisimama kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi mjini San Francisco, akapinga uhamiaji wa Wajapani. Magazeti yakachapa. Bi Stanford akashika kalamu. Barua yake ya mwezi ule haikuwa ya kijinga hata kidogo. Alimlaumu Ross kwa kuchochea ubaguzi kati ya mtu na mtu na kwa kufufua siku za Dennis Kearney, yule mchochezi wa miaka ya 1870 aliyewachochea wazungu wa California dhidi ya Wachina. Jordan alijaribu kumtetea Ross, akaandika kumwomba mjane afikiri tena. Akapata ahueni kidogo, kisha msimamo ukakaza tena. Ross alikuwa ameandika barua ya kujiuzulu mapema ili Jordan aitumie akilazimika. Novemba 12 Jordan aliikubali. Siku iliyofuata Ross aliwakabidhi waandishi wa habari maelezo yake yote, na nchi nzima ikasoma.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nishikilie hoja ya msomaji wa tatu. George Elliott Howard, profesa wa historia, alilaani kitendo kile mbele ya darasa lake. Akatakiwa aombe radhi, akakataa, na Januari 1901 akaondoka. Walimu wengine wakajiuzulu, akiwamo kijana wa falsafa, Arthur Lovejoy. Wachumi wa Marekani wakaunda kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Edwin Seligman wa Chuo Kikuu cha Columbia. Jordan akaijibu kamati kwamba Ross hakuondolewa kwa sababu ya maoni yake juu ya uhamiaji wala juu ya jambo lolote. Alipotakiwa ataje sababu yenyewe, hakuitaja. Hangeweza. Sababu ilikuwa kwenye barua ya faragha ya mwanamke aliyekuwa, kisheria, bodi nzima. Kuionyesha ingekuwa kumvunjia heshima, na kuificha ilikuwa kusema uongo hadharani kwa jina la chuo. Rais yeyote anayepokea amri kwa faragha hufika kwenye njia panda hiyo, na akifika, amekwisha kupoteza vyote viwili. Miaka 14 baadaye, mwaka 1915, Lovejoy na John Dewey walikuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani, na Seligman akaongoza kamati iliyoandika tamko lake la kwanza la uhuru wa taaluma. Kanuni ambazo leo zinanukuliwa hadi Nairobi na Dar es Salaam zina mizizi katika ile bahasha ya Mei 1900.

Kuna mambo kadhaa ambayo watu huyaelewa vibaya katika kisa hiki, na yananikera. La kwanza ni kumfanya Bi Stanford kichekesho. Bila yeye chuo kingefungwa mwaka 1893 na pengine kisingefunguliwa tena. Mwaka 1899 aliwakabidhi wadhamini mali yenye thamani ya takriban dola milioni 11, na Juni 1903 aliyaachia kwa hiari yake mamlaka ya mwasisi, bodi ikaanza kufanya kazi kama bodi. Ni wachache wanaoacha mamlaka wangali na nguvu za kuyatumia. Ukimwita dikteta, itabidi ueleze kwa nini aling'atuka.

La pili ni kumfanya Ross mtakatifu. Hoja zake dhidi ya Wajapani zilikuwa hoja za rangi, na leo mwalimu akizitoa hadharani hakuna kati yetu ambaye angempigia makofi. Kwa upande mwingine, reli iliyoijenga nyumba ya Stanford ilichimbwa na kutandazwa kwa mikono ya maelfu ya Wachina waliolipwa chini ya wazungu, kwa hiyo ubinadamu wa Bi Stanford na mfuko wake vilielekea upande mmoja. Sioni haja ya kuamua nani alikuwa msafi. Utaratibu mzuri wa kumwondoa au kumbakiza mwalimu haupimwi kwa mwalimu tunayempenda. Hupimwa kwa yule ambaye maneno yake yanatuchefua.

La tatu, na hili ndilo linaloshika sana hapa kwetu, ni kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama: aliyetoa fedha ana haki ya kuamua, na anayelalamika aende akatafute fedha zake. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kosa la hoja hii, kwa kuwa wakfu wanaujua tangu zamani. Mtu akiliweka shamba la minazi wakfu kwa msikiti, anaweza kuweka masharti siku ya kuliweka, na masharti hayo yataheshimiwa. Hawezi kurudi mwakani kuchuma nazi kwa sababu imamu amemuudhi. Mali imetoka. Tatizo la hati ya 1885 ni kwamba ilimruhusu mtoaji atoe na wakati huohuo abaki ameshikilia, kwa hiyo kila barua aliyoandika ilikuwa kama anaandika upya masharti ya wakfu. Mjane aliamini kwa dhati kwamba anatekeleza wasia wa mumewe. Kisheria alikuwa na haki ya kuamini hivyo, na ndiyo maana namlaumu mwandishi wa hati kuliko mwandishi wa barua.

Mfano ulio wazi kuliko ule wa Ross ni wa wanafunzi wa kike. Hati ya 1885 ilitamka nafasi sawa kwa jinsia zote mbili. Wasichana wakaja kwa wingi, na idadi yao ikapanda haraka kuliko ya wavulana. Bi Stanford akaingiwa na hofu kwamba chuo kilichojengwa kumkumbuka mvulana kitageuka chuo cha wanawake. Mwaka 1899 akaweka sharti: wasizidi 500 kwa wakati mmoja, daima. Alikuwa bodi, kwa hiyo hapakuwa na kura. Hofu ya mtu mmoja katika mwaka mmoja ikawa sheria ya chuo, na wadhamini hawakuilegeza hadi 1933, miaka 28 baada ya yeye kufa. Hebu fikiria ni wasichana wangapi walirudishwa mlangoni kwa neno ambalo, kama lingepita kwanza katika kikao chenye watu wanane wenye usingizi baada ya chakula cha mchana, mmoja wao angeuliza kwa nini 500 na si 1,000, na kwa nini daima.

Majengo nayo yalifuata njia ileile. Fedha zilipopatikana baada ya 1898, Bi Stanford alizielekeza kwenye mawe: kanisa la kumbukumbu ya mumewe, makumbusho, maktaba mpya, ukumbi wa mazoezi. Jordan, aliyetaka vitabu na mishahara, aliita kipindi kile zama za mawe, kwa sauti ya chini. Tetemeko la ardhi la Aprili 18, 1906 likaangusha maktaba na ukumbi wa mazoezi kabla havijaanza kutumika, na likabomoa sehemu kubwa ya kanisa. Siandiki haya kumsuta marehemu, tetemeko halikuwa kosa lake. Ninachosema ni kwamba rais aliyenung'unika pembeni na kukubali kwenye karatasi hakumsaidia mfadhili wake. Barua za Jordan kwa Bi Stanford zina adabu nyingi kuliko ushauri.

Mawasiliano ya watu wawili, yakidumu, huzaa mengine ya pembeni. Julius Goebel, profesa wa Kijerumani, alikuwa akimpelekea Bi Stanford habari za ndani ya chuo dhidi ya Jordan. Mwasisi aliyefungiwa dirisha la kikao hutafuta tundu la ukuta, na daima yupo mwalimu mwenye kinyongo cha kulitoboa. Bi Stanford alipofariki Honolulu Februari 28, 1905, kwa kile ambacho baraza la uchunguzi wa kifo huko lilikitaja kuwa sumu ya strikinini, Jordan alikwenda Hawaii, akarudi akitangaza kwamba ulikuwa ugonjwa wa moyo, na mwaka huohuo Goebel akaondolewa chuoni. Vitabu vizima vimeandikwa juu ya kifo kile, na anayependa hadithi za upelelezi atafaidi. Kwangu mimi inatosha kuona hali ilivyokuwa imeoza hadi rais wa chuo kuwa mtu ambaye neno lake juu ya kifo cha mfadhili wake linatiliwa shaka kwa karne nzima.

Wapo watakaosema dawa ni mfadhili asiyeandika. Watataja Chuo Kikuu cha Chicago. John D. Rockefeller alitoa dola 600,000 mwaka 1889 kwa sharti kwamba wengine wachange 400,000, na kufikia 1910 alikuwa amekipa chuo hicho takriban dola milioni 35. Hakutaka kiitwe kwa jina lake, alikitembelea kwa nadra, na kati yake na rais William Rainey Harper alimweka msaidizi wake Frederick Gates, aliyesoma bajeti kwa jicho kali na kugombana na Harper juu ya madeni. Ni kweli kwamba huyu alikuwa msomaji wa tatu wa namna fulani, na kwa upande wa hesabu alisaidia sana. Mabishano ya Chicago yalihusu nakisi, si mahubiri ya maprofesa. Lakini angalia kilichompata Edward Bemis. Alikuwa mchumi aliyetetea haki za wafanyakazi na umiliki wa umma wa huduma za miji. Wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa reli wa 1894 alitoa hotuba, na Harper akamwandikia kumlalamikia kwamba inamtia aibu mbele ya watu wenye fedha. Mwaka 1895 Bemis hakuwapo tena. Rockefeller hakuhitaji kuandika kitu. Harper alikuwa amejiandikia barua mwenyewe, kwa niaba ya tajiri, na kujijibu.

Kwa hiyo kumnyamazisha mfadhili hakutoshi. Rais aliye peke yake atasikia hata kilicho kimya. Ndiyo maana nasisitiza kikao, na siyo tabia njema. Afrika Mashariki imeonja fedha za ukoo huohuo kwa njia nyingine: katika miaka ya 1960 Wakfu wa Rockefeller ulifadhili Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1970, kwa kulipia walimu na kusomesha baadhi ya vijana waliokuja kuwa maprofesa wetu wa kizazi cha kwanza. Kufikia hapo fedha zilikuwa zikipitia maofisa, taarifa na mikutano. Zilikuwa na ushawishi, bila shaka, na wapo waliolalamikia ushawishi huo kwa haki. Lakini palikuwa na jalada, na mwenye malalamiko alijua afungue ukurasa gani.

Vyuo vikuu binafsi vinavyochipuka kwetu sasa vinafanana zaidi na Stanford ya 1895 kuliko na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwasisi yu hai, mara nyingi ni mfanyabiashara au kiongozi wa dini mwenye nia safi, na chuo kinaishi kwa mfuko wake katika miaka ambayo ada haijatosha. Sheria zetu, ya Tanzania ya 2005 na ya Kenya ya 2012, zinataka chuo kiwe na baraza na seneti. Kwenye karatasi tumemshinda Seneta Stanford. Lakini baraza ambalo mwasisi ndiye mwenyekiti, shemeji yake ndiye mweka hazina, na wajumbe wengine hulipwa posho iliyosainiwa naye, ni posta ileile iliyovaa joho. Nimewahi kuona, katika chuo ambacho sitakitaja, kumbukumbu za kikao zilizoandikwa kabla ya kikao kukaa.

Ningependa kuona mambo machache yakibadilika. Hati ya chuo itaje tarehe ambayo mamlaka ya mwasisi yanakoma, na isiwe siku ya mazishi yake: miaka 10 inatosha kwa mtu yeyote kuona mche wake umeshika. Sharti lolote linaloambatana na fedha liwe na kifungu cha kulipitia upya baada ya muda, ili asipatikane mwingine wa kuandika 500 na daima katika sentensi moja. Kuondolewa kwa mwalimu kupitie kamati ya wenzake wenye haki ya kuitisha kila barua iliyochangia, ya mfadhili ikiwamo. Hili la mwisho litapingwa kwa hoja kwamba wafadhili watakimbia. Sidhani. Wanaokimbia kikao ni wale ambao walikuwa wakinunua kitu kingine, na ni afadhali kulijua hilo kabla jengo halijaezekwa.

Lililo gumu ni la rais mwenyewe, kwa sababu haliandikiki kwenye kanuni. Kosa kubwa la Jordan lilikuwa la mwaka 1896, pale alipojibu kwa kumsogeza mtu kiti. Hapana ya mapema, yenye heshima na yenye sababu mbili, ingemgharimu wiki chache za ukali wa mjane, na huyu alikuwa mjane aliyewahi kukataa ushauri wa wanaume wote waliomzunguka na bado akawa sahihi. Alijua thamani ya mtu anayeshikilia neno lake. Rais anayechelewesha humfundisha mfadhili kwamba kusukuma kunafaa, ila asukume zaidi. Wakuu wa vyuo ninaowafahamu huniambia hawana ubavu wa kusema hapana kwa anayelipa umeme. Nawaelewa. Basi waseme nitalipeleka barazani, na walipeleke kweli.

Siku hizi barua zenyewe zimekwisha. Mfadhili hupiga simu saa tatu usiku, au hutuma ujumbe wa sauti wa dakika nne WhatsApp, ndani yake mna salamu, dua, habari za shamba, na jina la mhadhiri. Hakuna cha kuhifadhi, na miaka 100 baadaye hakuna mtafiti atakayekuta lolote katika nyaraka za chuo. Rais akishakata simu, kabla hajalala, aandike aya moja na asubuhi aitume kwa mfadhili, nakala kwa katibu wa baraza: jana ulinieleza hivi, mimi nimeelewa hivi, nitaliweka mbele ya kikao cha tarehe fulani. Wafadhili wengi, wakiona maneno yao yameandikwa, hupiga tena kuyapunguza. Asiyeyapunguza, baraza litakuwa limejua mapema linazungumza na nani na kuhusu nini, na mhadhiri aliyetajwa atakuwa na karatasi ya kuijibu.